Nzi Aliyemsahihisha Handel

Kati ya Mbeya na Iringa, muziki wa Bach na Handel husafiri kwa basi, ndani ya bahasha ya kaki, mkononi mwa kondakta. Juu ya bahasha tunaandika namba ya simu ya mpokeaji na neno NYARAKA kwa herufi kubwa. Ukiandika "nyimbo", kondakta ataisukumia chini ya kiti, ikae na ndala zake. Tunaotumiana karatasi hizo hatuzidi benchi moja la kanisani: mwalimu mstaafu wa Kihesa, Iringa, mama muuza mchele wa soko la Mwanjelwa, mwenye sauti ya alto inayosikika mpaka kwenye vitunguu, kijana wa bajaji, ambaye huimba sauti ya tena, fundi redio anayepiga kinanda, na mimi, niliyechaguliwa kuwa mwalimu wa kwaya katika kikao ambacho sikuhudhuria. Tunabishana Bach na Handel nani zaidi, kama watu wa Simba na Yanga, ila wetu wote wawili walizaliwa mwaka mmoja, 1685, na dirisha lao la usajili limeshafungwa.

Watu wa Dar hushangaa kusikia haya. Huku kwetu Bach na Handel si wageni. Herrnhut, kijiji walikotoka Wamoraviani, kilianzishwa mwaka 1722 katika nchi ya Saxony, na mwaka uliofuata Bach akahamia Leipzig, humo humo Saxony. Kufikia 1891 wamisionari wa Herrnhut walikuwa wameshafungua misheni ya Rungwe, na mpaka leo huwezi kumtenga Mmoraviani wa Mbeya na matarumbeta yake. Upande wa Iringa, Walutheri waliletewa tenzi na Wajerumani wa misheni ya Berlin, na kule Kilolo kuna kijiji kinaitwa Pommern bila mtu yeyote kushangaa.

Tukio langu la kwanza la kukwaruzana na waumini lilitokana na utafiti. Nilisoma kwamba ule utenzi wa mateso unaowaliza bibi zetu kila Ijumaa Kuu, ambao Bach aliurudia mara tano katika Mateso ya Mathayo, ulianza kama wimbo wa mapenzi. Hans Leo Hassler aliutoa mwaka 1601, kuhusu kijana aliyechanganywa akili na binti. Nikaona ni jambo zuri la kuwasimulia wanakwaya. Besi wawili wakaapa kwamba hawataimba tena kitu cha disko. Aliyeniokoa ni mama wa mchele. "Mwalimu," alisema huku akifunga kanga yake vizuri, "kwani mapenzi hayana Ijumaa Kuu?" Besi wakarudi kwenye benchi.

Sasa niseme habari ya ile Haleluya ya Handel. Kwaya zetu nyingi hazisomi nota za mistari mitano. Tunasoma solfa: do, re, mi zilizoandikwa kwa herufi, nukta mbili za kugawa mapigo, na kialama kidogo sana, kama mkwaruzo wa kucha, juu ya herufi kuonyesha kwamba sauti hiyo ni ya oktavu ya juu. Uhai wa wimbo mzima umo katika kialama hicho. Mwalimu wa Kihesa alikuwa na nakala yake ya mkono, ya tangu ujana wake. Akaitoa fotokopi, akatuma Mbeya. Sisi tukatoa fotokopi ya fotokopi, na mashine ya stationery wino ulikuwa unaelekea mwisho. Vialama vya soprano vikafutika vyote, dada zetu wakajifunza kuimba kwa chini kabisa, kama watu wanaoteta. Mstari wa besi ulikatika ukingoni mwa karatasi, kwa hiyo besi wakatunga wa kwao. Lakini waimbaji wa tena, pale ambapo besi huanza peke yao na wao hufuata, walikuwa na kialama kimoja cheusi, kizito, hakina ubishi. Wakafika pale, wakaruka mpaka so ya juu.

Ilikuwa sauti ya mtu aliyekanyaga msumari. Nikasimamisha zoezi. Nikapiga simu Iringa. Mwalimu akavaa miwani, akaitafuta ile sehemu, akakaa kimya muda wa kutosha kunimalizia salio. Kisha nikasikia kucha ikikwangua karatasi. "Limetoka," akasema. "Lilikuwa kinyesi cha nzi."

Kwake limetoka. Kwetu lilikuwa limeshachapwa nakala arobaini. Nikawaeleza wale wa tena kwamba Handel hakuandika ile so, kwamba aliyeiandika alikuwa nzi wa Kihesa. Kijana wa bajaji akasimama kwa adabu zote: "Shikamoo mwalimu. Sisi wengine tunakuja mazoezi kwa sababu ya ile so." Nikaiacha. Mwaka 1706 wakubwa wa kanisa la Arnstadt walimwita Bach kijana na kumkaripia kwamba anachomeka sauti za ajabu katikati ya tenzi, waumini wanapotea. Kama Bach alivumiliwa, nzi naye ana haki ya kusikilizwa.

Kuhusu wanakwaya wasiosoma vizuri, Handel mwenyewe alikutana nao. Charles Burney, mwanahistoria wa muziki, ambaye wakati huo alikuwa mwanafunzi mjini Chester, alisimulia kwamba mwaka 1741 Handel alikwama pale akisubiri upepo wa kuvuka kwenda Dublin. Akaomba waimbaji wa kumjaribia nyimbo zake. Akaletewa besi, mpiga chapa, aliyesifiwa kuwa anasoma nota papo kwa papo. Jamaa akaharibu vibaya. Handel akamtukana kwa lugha kadhaa, kisha akamuuliza kwa Kiingereza kibovu kama si yeye aliyesema anasoma papo kwa papo. Yule bwana akajibu kwamba ni kweli anasoma, ila si mara ya kwanza. Kila nikifundisha besi wangu namkumbuka mpiga chapa yule, na ninaamini ana ndugu zake Uyole. Bach naye, mwaka 1730, aliwaandikia wakubwa wa Leipzig kwamba kati ya vijana wake, 17 wanafaa, 20 bado, na 17 hawafai kabisa. Barua tamu sana. Niliwahi kuandika ya namna hiyo kwa ajili ya kamati, mke wangu akaificha.

Mwaka jana tukaamua kwaya mbili zikutane Iringa. Kinanda chetu kina vitufe 61, na hapo niwape moyo wenye vinanda vidogo: kile kitabu cha kwanza cha Bach cha preludi na fuga 24, cha mwaka 1722, kinatosha kwenye oktavu nne, kwa hiyo cha kwetu kinakibeba na chenji inabaki. Tatizo lilikuwa buti la basi. Kondakta alikilaza kinanda vizuri, akakifunika kwa turubai, na tulipofika Uyole akakipandishia magunia ya viazi. Makambako basi likaharibika. Anayeujua upepo wa Makambako hahitaji maelezo. Mwalimu akapiga simu kututia moyo: mwaka 1705, alisema, Bach alitoka Arnstadt mpaka Lübeck kwa miguu, zaidi ya kilomita 400, kwenda kumsikiliza Buxtehude akipiga kinanda, ninyi Mbeya na Iringa hazifiki hata hizo. Fundi redio akamjibu kwamba Bach hakuwa na magunia ya viazi. Mama wa mchele akataka kujua aliruhusiwa siku ngapi. Wiki nne. Na alikaa? Karibu miezi minne. Mama akanyamaza, akatazama barabara inayorudi Mbeya, nikajua anawaza meza yake pale sokoni na yule binti aliyemwachia mizani.

Haleluya ilifunguliwa na wenyeji. Kama ilivyo desturi, watu wote wakasimama. Waliokaa nyuma walidhani ibada imekwisha, wakaanza kutoka kwenda kwenye chai na maandazi, ikabidi wazee wa kanisa wawazuie mlangoni kwa mikono. Tena wa Mbeya wakapiga so yao. Tena wa Iringa, waliofundishwa vizuri na karatasi iliyokwanguliwa, wakageuka kuwatazama, na waliporudi kwenye karatasi besi walikuwa wameshaondoka. Pamoja na hayo tulifika mwisho. Pale mwisho Handel ameweka ukimya: kwaya nzima inakata ghafla, pumzi inashikiliwa, kisha inakuja Haleluya ya mwisho, pana na ya polepole. Nikainua mikono. Ukimya ukashuka. Katika benchi la tatu mama mmoja akaona nafasi iko wazi na haina mwenyewe, akapiga kigelegele kirefu, safi, chenye mtetemo, kikaishia palepale ambapo mikono yangu ilikuwa inashuka. Sijapata kusikia kitu kikikaa mahali pake namna ile. Mwalimu wa Kihesa, ambaye hutetea kila nukta ya Handel kama shamba la urithi, alichukua penseli, akaandika kitu kwenye nakala yake.

Kisha fundi redio akapiga fuga ya La ndogo ya kitabu kile cha 1722. Mwishoni mwake Bach anataka la moja nzito ya chini iendelee kulia huku sauti nyingine zikimalizia juu yake, jambo ambalo vidole vya binadamu wa kawaida haviwezi kulifanya. Viazi vilikuwa vimelishughulikia. Kitufe cha la kilipobonyezwa kilizama, kikagoma kuinuka, na fuga ikamalizika kama ilivyoandikwa, pengine kwa mara ya kwanza katika Nyanda za Juu Kusini. Tatizo ni kwamba iliendelea. Swichi ya kinanda hicho ilishakufa, huzimwa kwa kuchomoa soketi ya kuunganishia ukutani, na soketi hiyo ndiyo iliyokuwa inalisha pia kipaza sauti cha matangazo. Katibu akasubiri kidogo, akakohoa, akaanza kusoma. Alipofika kwenye majina ya waliochangia mabati, sauti yake ilikuwa imeshavutwa na ile la, akawa anayaimba, jina na kiasi, jina na kiasi, huku fundi akichokonoa kitufe kwa kisu cha kukatia limau. Hakuna aliyetoka nje. Wawili waliongeza ahadi zao papo hapo. Baada ya ibada mchungaji alinivuta pembeni, akaniuliza kama kile kitufe kinaweza kuachwa hivyohivyo mpaka sikukuu ya mavuno.