Heko, Mheshimiwa Jeraha

Saa tano usiku. Mezani pana taa, chai iliyokwisha kupoa na dadu tatu. Mwenye timu anaongoza 4–3, mchezo uko zamu ya saba, na anayeingia kupiga ni yule nyota aliyempata kwa kuwatoa wachezaji wake watatu. Anarusha. Dadu nyeupe inasema 2, mbili nyingine zinajumlisha 12. Kidole kinateremka kwenye safu ya pili ya kadi, taratibu, kama cha mzazi anayetafuta jina la mwanawe kwenye matokeo ya darasa la saba, mpaka chini kabisa. Mpira umebiringika kwa mrushaji, mpigaji katolewa. Pembeni kuna neno jingine lililobanwa kwa herufi ndogo: jeraha.

Hapo matusi huanza. Anayetukanwa hana mdomo wa kujitetea. Fisi ana ngano zake, sungura ana zake nyingi kupita kiasi, hata mbu ameshaimbwa, lakini jeraha la kwenye kadi ya besiboli halijawahi kupata mtu wa kulisifu. Basi na asifiwe leo, na aitwe kwa cheo anachostahili: Mheshimiwa Jeraha.

Msomaji aliyekulia kwenye soka asiogope. Besiboli si mgeni kabisa kwetu. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walikwenda Pennsylvania wakawa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza mashindano ya dunia ya Little League. Katika jimbo hilohilo, mjini Lancaster, ndiko Dick Seitz alikoanza kuuza mchezo wa mezani uitwao APBA mwaka 1951. Miaka kumi baadaye Hal Richman wa New York akaleta wake, Strat-O-Matic. Wazo ni moja. Takwimu za mchezaji halisi kwa msimu mzima hugeuzwa kuwa kadi, dadu hurushwa, na kadi hujibu. Aliyepiga vizuri uwanjani mwaka ule atapiga vizuri mezani. Aliyeboronga ataboronga tena, hata kama mwenye timu anampenda kama mjomba wake.

Sasa tatizo. Kadi inajua mchezaji alipiga *vipi*. Haijui alipiga *mara ngapi*.

Mwaka 1957 klabu ya Milwaukee Braves ilimpandisha kutoka ligi za chini mtu aitwaye Bob Hazle. Akacheza michezo 41 tu, akapiga kwa wastani wa .403, kiwango ambacho magwiji hufa bila kukigusa, timu ikatwaa ubingwa, naye akapachikwa jina la Kimbunga. Mwaka uliofuata kimbunga kilikuwa upepo wa kawaida. Lakini kadi yake ya 1957 ipo, na kadi haina habari ya mwaka uliofuata. Mtu mwenye tamaa, na katika michezo hii hakuna mwingine, atamwingiza Hazle mechi zote 154 za msimu ule na kuvuna asichokipanda. Au mchukue George Brett wa Kansas City mwaka 1980: wastani .390, mapigo 175 katika zamu 449. Mwili ulimgomea akaishia michezo 117 kati ya 162. Ile michezo 45 ambayo Brett halisi hakuicheza, nani atamzuia Brett wa karatasi asiicheze?

Kwa kawaida marafiki wenye ligi yao huandika sheria: mchezaji asizidi zamu zake halisi, au asivuke asilimia kadhaa ya zamu hizo. Sheria za aina hiyo zinahitaji karani, na karani anahitaji kuaminiwa. Mheshimiwa Jeraha hahitaji daftari. Anakaa ndani ya kadi yenyewe, kimya, akisubiri zamu yake kama mkopeshaji aliyeketi kibarazani.

Tena ana hesabu safi. Dadu ya kwanza huchagua safu, mbili zilizobaki hujumlishwa. Njia za dadu hizo tatu kuanguka ni 216. Ile 2 na 12 iliyomwangusha nyota wa saa tano usiku ina njia moja tu. Sasa chukua mpigaji anayeingia mara nne kila mchezo kwa michezo 162. Hizo ni zamu 648. Gawanya kwa 216 upate tatu kamili, wala hakuna sehemu iliyobaki. Mara tatu kwa mwaka, kwa wastani, mtu wa miraba minne atabisha hodi na kumtoa nje. Wapo mafundi wa mabomba wasio na uaminifu huo.

Akishabisha hodi, hana pupa. Kwa kanuni za kina za Strat-O-Matic, namba nyingine huchotwa kati ya 1 na 20 kuamua uzito wa kuumia, kuanzia kutoka kwenye mchezo ule tu hadi kukosa michezo 15. Na hapa pana adabu ya kupendeza: mchezaji ambaye kweli alicheza karibu msimu wote hapewi adhabu ndefu. Anatolewa jioni ile, kesho yuko kazini. APBA nao wana namna yao. Kwenye kadi kuna herufi J yenye namba, kuanzia J-0 ya watu wa chuma hadi J-4 ya wale ambao, kwa lugha ya mtaani, wakipigiwa honi wanateguka. Mtu anaweza kulia, kuapa, kumtaja mama yake, namba haibadiliki. Hakimu asiyepokea kitu kidogo ni wa kupewa heshima yake, hata kama hukumu imekuumiza.

Kuna wanaomkwepa, bila shaka. Dadu ikileta habari mbaya, mwenye timu ghafla anagundua kwamba ilikuwa imeegemea ukingo wa kitabu cha kanuni, kwa hiyo "haihesabiki". Ikileta habari njema imeegemea ukingo uleule, inahesabika vizuri sana. Mwingine ana dadu zinazoanguka sakafuni kila mara nyota wake anapoingia zamu ya saba. Watu hawa hucheza peke yao, chumbani, bila mpinzani na bila dau, na bado wanaiba. Ni nani aliyewafichua? Mheshimiwa Jeraha. Mapigo mazuri hayampimi mtu.

Mwandishi Robert Coover aliiona hatari hiyo mapema. Katika riwaya yake ya mwaka 1968 iitwayo The Universal Baseball Association, mhasibu J. Henry Waugh anaendesha ligi nzima kwa dadu jikoni kwake. Usiku mmoja dadu zote tatu zinaangukia moja, na jedwali la matukio adimu linatamka kifo: mrushaji kijana Damon Rutherford, kipenzi cha Waugh, anapigwa na mpira akiwa zamu ya kupiga. Waugh anachanganyikiwa, na baadaye anageuza dadu kwa mkono wake mwenyewe ili yule aliyemuua Damon naye afe. Kuanzia hapo mchezo si mchezo tena. Ukimlinganisha na jedwali la Waugh, Mheshimiwa Jeraha na michezo yake 15 ni mpole kama nesi wa zamani.

Upole huo unaonekana zaidi ukikumbuka uwanja wenyewe ulivyo mkatili. Agosti 1920 Ray Chapman wa Cleveland aligongwa kichwani na mpira uliorushwa na Carl Mays, akafariki kesho yake. Oktoba 1951 Mickey Mantle, kijana wa miaka 19, alikuwa akikimbilia mpira katika fainali pale Yankee Stadium. Kiatu kikanasa kwenye mfuniko wa bomba la maji uwanjani, goti likaenda. Alikuja kuwa mmoja wa wakubwa wa mchezo huo, lakini miguu ilimsumbua maisha yake yote ya uchezaji. Mezani hakuna damu, hakuna machela, hakuna mke anayesubiri kwenye korido ya hospitali. Kadi inalazwa upande, michezo inahesabiwa, kadi inarudi ikiwa nyororo kama ilivyotoka.

Na wakati imelala, nani anaingia? Swali hili ndilo linalopaswa kumjengea Mheshimiwa sanamu. Bila yeye, nusu ya kadi zilizomo kwenye boksi zisingeguswa kamwe: mdakaji wa tatu, mzee wa wastani wa .211, yule kijana ambaye jina lake hakuna anayelikumbuka hata nyumbani kwao. Jeraha humwamsha mtu wa benchi. Uwanjani nako ndivyo: tarehe 2 Juni 1925 Wally Pipp hakuanza katika kikosi cha Yankees, nafasi yake akaichukua Lou Gehrig, na Gehrig hakuiachia hadi mwaka 1939, baada ya michezo 2,130 mfululizo. Kwa nini hasa Pipp alikaa nje siku ile, watu wamebishana karibu karne nzima. Mwenye kadi hana haja ya kubishana. Anajua sababu yake: 2 na 12.

Wanaoendesha timu za Fantasy Premier League kwenye simu, Nairobi hadi Mbeya, wanaijua nusu ya utamu huu. Ijumaa jioni alama nyekundu inatokea kwenye jina la mshambuliaji, na kundi zima la WhatsApp linageuka kuwa jopo la madaktari wa nyama za paja. Tofauti ni kwamba wao wanasubiri goti la mtu mwingine, kule mbali. Mwenye dadu analivunja goti kwa mkono wake.

Tukiwa wakweli, Mheshimiwa ana upungufu mmoja: hana ubunifu. Humwangusha mtu akiwa kazini, akipiga mpira, basi. Hajui kwamba mwaka 1990 Glenallen Hill wa Toronto aliota buibui wanamfukuza, akakurupuka usingizini na kujikata kwenye meza ya kioo. Hajui kwamba mwaka 2006 Joel Zumaya, mrushaji wa Detroit mwenye mkono wa radi, aliumia kwa kupiga gitaa la plastiki katika mchezo wa video wa Guitar Hero. Hakuna kadi iliyowahi kuandikwa "buibui".

Wala hana jibu kwa Kendrys Morales. Tarehe 29 Mei 2010, Morales wa Angels aliupeleka mpira nje ya uwanja dhidi ya Seattle katika zamu ya kumi, huku wenzake wakiwa wamejaa kwenye vituo vyote, mchezo ukaisha palepale. Akazunguka vituo akicheka. Wenzake wakamzingira kwenye kituo cha mwisho. Akaruka juu kwa furaha, akatua vibaya, mguu ukavunjika. Alikuwa amecheza michezo 51. Mezani adhabu kubwa kabisa ingekuwa michezo 15, naye angerudi kabla Juni haijaisha, safu zake zikiwa vilevile. Morales alirudi Aprili 2012. Mwaka 2011 hakucheza hata mchezo mmoja, kwa hiyo katika boksi la msimu huo hana kadi.