Panapohusika

Miongoni mwa maneno ambayo Waswahili wa zama hizi wameyabuni kwa ajili ya kuipumzisha dhamiri, sijaliona lililo tamu na lenye manufaa kama neno "panapohusika". Barua ya malalamiko hupelekwa panapohusika, mwanafunzi mtoro huripotiwa panapohusika, na mtu akithubutu kuuliza panapohusika ni wapi, huonekana mkosefu wa adabu, mfano wa mgeni aliyeandaliwa wali akauliza bei ya mchele. Mimi neno hili lilinifika asubuhi moja kibarazani kwangu, Magomeni, kutoka kinywani mwa kijana wa mkokoteni, siku nilipomkabidhi tranka langu la bati, lile lile nililokwenda nalo shule ya bweni nikiwa mtoto, lililoandikwa jina langu na namba yangu kwa rangi nyeupe juu ya buluu, na ambalo kwa miaka mingi lilikuwa limehifadhi chini ya kitanda chetu kutu, panya, na karatasi za mitihani za watu ambao sasa ni wazazi wa wanafunzi wangu. Mke wangu alikuwa ametoa hukumu isiyokatiwa rufaa, kwamba chumba hakiwezi kututosha watatu. Nikampa kijana shilingi 2,000, nikamwuliza, kwa kutimiza wajibu tu, atalipeleka wapi. "Ondoa shaka, mzee," akanijibu huku ameshauinamia mkokoteni wake, "linakwenda panapohusika." Nikarudi ndani nikanywa chai.

Haukupita muda mrefu wakanijia wanafunzi wa klabu ya mazingira, ambayo mimi ni mlezi wake, cheo nilichopewa kwa kauli moja katika kikao ambacho sikuhudhuria. Walitaka kujitolea Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi, kwenda kuusafisha Mto Msimbazi, nami nilipoanza kueleza habari ya magoti yangu na ya jua, wakanikumbusha kwamba tarehe 9 Desemba 2015 Rais Magufuli aliliweka kando gwaride la Uhuru akatoka akaokota taka kwa mikono yake mwenyewe; kisha wakanyamaza, wakaitazama mikono yangu. Watoto wa siku hizi wana namna ya kunyamaza ambayo sisi zamani tulichapwa kwa kunyamaza pungufu ya hapo. Nikakubali.

Msimbazi si mto mkubwa, wala hauna majivuno. Hutoka katika vilima vya Pugu, ukateremka kiasi cha kilomita 35, ukapitia Vingunguti na Kigogo, ukajitandaza katika bonde la Jangwani, kisha ukaingia baharini kwa kupita chini ya Daraja la Salander. Aliyeliita bonde lile Jangwani ama alikuwa mtu wa mzaha, ama alipita wakati wa kiangazi akaenda zake asirudi tena, kwa maana mvua zikishika sawasawa jangwa hilo huimeza Barabara ya Morogoro, na abiria wa Magomeni wakabaki kuitazama Kariakoo kwa ng'ambo kama watu wa Unguja waitazamavyo Bara. Na mzaha una mpaka wake: mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu, familia nyingi za bondeni zikahamishiwa Mabwepande, na wapo wazee wa Kigogo ambao hata leo wakisikia ngurumo huhesabu wajukuu kwanza, ndipo wakahesabu vyombo. Lakini jambo lililonistaajabisha mimi, nilipokuwa nikitayarisha hotuba yangu, ni kwamba dampo la jiji liko Pugu Kinyamwezi, na chimbuko la mto liko Pugu hiyo hiyo. Kwa hiyo taka ya Dar es Salaam, ikijaliwa nauli, hupanda gari kwenda Pugu, na ikikosa nauli hupokewa njiani na maji yatokayo Pugu.

Hotuba hiyo niliitoa saa moja na nusu asubuhi, ukingoni mwa mto, mbele ya wanafunzi 38, kunguru wasio na idadi waliojipanga juu ya nyaya kama wasimamizi wa mtihani, na mama mmoja mkulima wa mchicha. Nilisema kwa ghera kubwa. Niliwalaani watu wasiokuwa na haya wala utu, ambao nyumba zao ni nadhifu kwa sababu mto ni mchafu. Nikauliza ni moyo wa namna gani alio nao mtu yule ambaye hukichukua kitu alichokitumia maisha yake yote, akakitupa majini bila hata kukiaga. Nilikuwa ndiyo kwanza naingia katika sehemu ya pili, yenye methali, yule mama aliponyanyua mkono kwa taadhima. "Maneno yako mazuri, mwalimu," akasema, "lakini umesimama juu ya mchicha wangu." Nikashuka, nikanunua mafungu matatu niliyoyakanyaga mwenyewe, na sehemu ya pili ikaahirishwa mpaka leo.

Kazi ikaanza. Tulikuwa na mareki, machepe, toroli moja lenye gurudumu lililochoka, na viroba vitupu vya kutosha. Mimi binafsi nilikuwa nimeazima kwa jirani buti za mvua namba 11, na kwa kuwa mguu wangu ni wa namba 7, nafasi iliyosalia niliijaza magazeti. Tulikuwa pia na katibu. Huyu ni binti wa Kidato cha Pili, mdogo wa kimo, mwandiko wake umenyooka kama reli, ambaye hakushika reki wala chepe siku ile bali alishika daftari, na daftari hilo alikuwa amelichora safu nne: Kitu, Idadi, Hali, Asili. Nilimsifu hadharani kwa safu ile ya nne. Nilimwambia kwamba bila ya kujua asili ya uchafu hatuwezi kumjua mkosaji, na akaniahidi kuwa atakuwa mwangalifu.

Sitaki kumchosha msomaji kwa orodha ya hidaya tulizopewa na mto, kwa sababu katibu anayo, na ina kurasa kumi na moja. Ndala zilikuwa 61, na katika hizo 61 haikupatikana jozi hata moja, jambo ambalo kijana mmoja mwenye moyo wa hisabati alilikataa kabisa, akatumia saa nzima kuzilinganisha kama mshenga aliyekata tamaa. Palikuwa na mlango wa jokofu usiokuwa na jokofu, runinga ambayo ndani yake mlikuwa mmeota magugu, na chupa za maji zisizohesabika, ambazo katibu alizihesabu. Mifuko ya rambo, iliyopigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, ilikuwa imejipanga topeni tabaka juu ya tabaka, wala haukuonekana mmoja uliopata habari ya marufuku hiyo. Chini yake, kwa utaratibu mzuri wa kihistoria, tukavikuta vile vipakiti vya pombe kali vilivyoharamishwa Machi 2017, wakati wanafunzi wangu hawa walipokuwa bado wadogo kabisa. "Mwalimu, hivi vilikuwa vya nini?" akauliza mmoja, amekishika kimoja kwa ncha za vidole. Nikasema, baada ya kutafakari, kwamba vilikuwa vya dawa ya kifua. Kijana mmoja mchimba mchanga aliyekuwa jirani nasi alicheka hata chepe likamponyoka. Ama kuhusu nepi za watoto, nitapita upesi kama tulivyopita wenyewe, pua zimezibwa. Ila niseme kwamba wako wazazi wengi waaminio kuwa nepi ikichomwa moto mtoto hubabuka matako, na kwa huruma hiyo kwa makalio ya mtoto mmoja, watu wote wa bondeni wanaadhibiwa.

Yapata saa nne nilikuwa nikimwonyesha mwanafunzi namna ya kukivuta chandarua kilichonasa topeni bila kukichana, kwa maana mwalimu hawezi kukaa muda mrefu bila kuonyesha namna ya kitu fulani, nikapiga hatua moja ya kujiamini. Mguu ukaenda, na nilipouita urudi, ukarudi peke yake. Buti lilibaki chini, pamoja na magazeti ya wiki mbili. Wanafunzi kumi wakaacha kazi wakaingia kulitafuta kwa mikono, kwa vijiti, na kwa reki, na baada ya nusu saa wakawa wamepata buti tatu, zote za watu wengine. Nikawashukuru, nikawaambia yaishe. Ndipo nilipomwona katibu amesimama kando yangu, kalamu i tayari. "Samahani, mwalimu," akasema, "buti lako niliandike katika vilivyotoka mtoni, au nifungue ukurasa wa vilivyoingia?"

Nilikuwa nimeketi juu ya tairi, mguu mmoja buti na mmoja soksi, ninajaribu kuutafutia wajihi wangu heshima iliyobaki, niliposikia kelele kutoka chini ya mto, mahali ambapo njia ya mikokoteni hukaribiana na maji: "Sanduku! Sanduku!" Uvumi wa hazina huenda mbio kuliko mafuriko; kabla sijasimama, kundi zima lilikuwa limeshafika kule, na mimi nikafuata nikichechemea. Palikuwa na pembe moja tu ya bati iliyochungulia kutoka topeni. Ilikuwa buluu.

Mtu huijua mali yake kwa namna ambayo hawezi kuieleza mahakamani. Nikasema kwa sauti ya mamlaka kwamba kitu kile kiachwe, kwa kuwa huenda ni mali ya watu. Wakasema mali ya watu ndiyo tuliyokuwa tukiiokota tangu asubuhi. Nikasema huenda ndani mna nyoka, na hilo lilikuwa kosa kubwa la mkakati, kwani waliokuwa wamechoka wote wakafufuka. Wakatia kamba, wakaimba harambee, tope likatoa mguno mrefu wa mtu aliyeamshwa usingizini, na tranka likaja juu, kifuniko kikafunguka, na kambare mmoja mnene, aliyekuwa mpangaji humo bila ya kodi, akaruka akarudi majini bila kutazama nyuma. Nilimwonea wivu.

Kisha binti mmoja akachukua kitambaa akaanza kupangusa. Herufi zikatoka moja baada ya moja, nami nilikuwa nikizijua kabla hazijatoka. "Mwalimu!" akapiga ukelele wa furaha, "tumempata wajina wako!" Mwingine akasoma mbele zaidi akasema, "Wajina gani? Na jina la baba ni moja!" Wa tatu, kijana ambaye katika mtihani wa muhula uliopita nilimpa alama 19, hakusema kitu. Alilitazama tranka, akanitazama mimi, akalitazama lile tuta la mchicha ambalo asubuhi nilihutubia juu yake, kisha akainamisha kichwa kwa adabu kamilifu. Na tangu siku ile sijapata ujasiri wa kumpa chini ya hamsini.

Katibu alikuwa ameshajaza safu tatu. Kitu: tranka. Idadi: moja. Hali: limetoboka. "Asili, mwalimu?" Nikakohoa. Nikasema aandike kwamba haijulikani. Aliandika, kwa sababu ni mtoto mtiifu, lakini pembeni yake akaweka alama ya kuuliza, na aliichora kwa utaratibu, na akaikoleza wino mara mbili.

Kufikia saa nane mchana tulikuwa na viroba 43 vilivyojaa, vimepangwa kando ya barabara, na juu yake tranka langu, likimeta. Gari la kuvichukua tulikuwa tumeahidiwa saa sita na ofisi moja ambayo nitaisitiri. Nilipopiga simu mara ya kwanza niliambiwa gari liko njiani. Mara ya pili, kwamba dereva amekwenda kula. Mara ya tatu sauti mpya, ya upole sana, ikaniarifu kuwa suala letu limekwisha fikishwa panapohusika. Neno lile lilinipita mgongoni kama maji baridi. Mawingu yalikuwa yanakusanyika upande wa Pugu, na kila mmoja wetu alifahamu kwamba mvua ikinyesha usiku ule, Jumapili asubuhi mto utakuwa umechukua chake chote, na pengine na toroli letu. Wanafunzi wakachangishana sarafu zao za nauli, mimi nikaongeza noti iliyokuwa ya samaki, na vijana wawili wakatumwa mbio kutafuta mkokoteni.

Waliporudi, mkokoteni ulikuwa unasukumwa na mtu anayeimba. Nilimtambua kwa sauti kabla ya sura, nikajaribu kujificha nyuma ya mlango wa jokofu, lakini mtu mzima mwenye buti moja hajifichi kwa urahisi. "Shikamoo, mzee wangu!" akaniita kwa bashasha isiyokuwa na chembe ya hatia. Nikasema marahaba. Akalizunguka rundo letu akilikadiria kwa jicho la fundi, akafika kwenye tranka, akasimama, akaligonga ubavuni kwa vidole kama amsalimuye rafiki wa zamani. "Kumbe limerudi!" akasema. Wanafunzi 38 wakanyamaza kwa ile namna yao. Yeye akakunja mikono ya shati, akatemea viganja mate, akanyanyua kiroba cha kwanza begani, ndipo akanigeukia.

"Haya, mzee, mzigo wote huu niupeleke pale pale panapohusika?"

Katibu akafungua ukurasa mpya, akaandika tarehe juu yake, akaningoja.