Heko, Msumari!

Gari kuukuu la otomatiki likigoma kutoka P hapa Machakos, usimsumbue fundi wa umeme. Atakuchosha na habari za fyuzi iliyoungua, au swichi ya pedali ya breki, ambayo eti ndiyo huwasha taa za breki pia. Elimu nyingi mno! Sisi tuna msumari: chokoa kitundu kilicho kando ya gia, nayo inatii. Wahandisi walikesha wakibuni kufuli la gia, tumewakomboa. Na taa za nyuma zisipowaka? Afadhali, unaokoa balbu. Lori lililo nyuma yako kuelekea Kyumvi litajua umekanyaga breki litakapokufikia. Misumari ipo kila hadwea mjini. Maseremala wa majeneza nao huinunua hiyohiyo.