Kijiti cha Ukombozi

Waungwana wa zama hizi, waliochoka kulipia king'amuzi kila mwezi kwa ajili ya chaneli mia ambazo aghalabu yake hawakuzifungua abadan, wameazimia kujikomboa. Wakauacha ungo wa juu ya paa uwe makao ya kunguru, wakanunua kijiti cha kupokelea vipindi kwa intaneti, kisichozidi urefu wa kidole, wakakichomeka nyuma ya runinga, na kuwatangazia majirani kwamba utumwa umekoma.

Uhuru huo, bila shaka, una masharti yake. Kijiti hakishi kiu ya bando: saa moja tu ya filamu yenye picha safi yaweza kumeza gigabaiti 3. Tena kampuni hii ina tamthilia, ile ina mpira, ya tatu ina katuni za watoto, na kila moja yataka ada yake mbali. Huko Marekani, Netflix, iliyoanza kurusha filamu kwa intaneti mwaka 2007, ilileta mwaka 2022 kifurushi nafuu chenye matangazo ya biashara. Yaani bughudha ile ile iliyowakimbiza watu, sasa wauziwa kwa hisani.

Ama siku ya mechi, mpira wa bwana mkubwa mwenye kijiti ukiwa nusu dakika nyuma ya dunia, jirani mwenye king'amuzi kikuukuu hupiga ukelele wa goli. Naye bwana mkubwa hukikodolea macho kile kiduara kinachozunguka katikati ya kioo, akisubiri kwa taadhima kushangazwa na habari aliyokwisha kuisikia.