Jinsi ya Kuwa Mjuzi wa Zinfandel kwa Jioni Moja

Jitafutie kambi kwanza. Mnywaji wa divai ya Zinfandel asiye na kambi ni wa kuhurumiwa: anakunywa anachokipenda, basi.

Kambi yenye kelele ni ya wapenda vizito, divai zilizoiva kupita kiasi, kilevi asilimia 15 na ushei, kama zile zilizokijengea jina kiwanda cha divai cha Turley. Kishada cha Zinfandel hakiivi kwa pamoja: punje moja ingali kijani, jirani yake imeshakauka. Mkulima akisubiri ile ya kijani, hii kavu inazidi kulimbikiza sukari, na sukari ikichachuka ndiyo kilevi. Wewe usieleze hayo. Sema, “Divai hii ina roho,” kisha tafuta pa kuketi. Kumbuka pia kwamba kilevi kikizidi asilimia 14, sheria ya Marekani inairuhusu lebo kukosea kwa asilimia moja nzima.

Ukipenda heshima zaidi, hamia kwa waungwana. Hawa humtaja Paul Draper, aliyekuwa mtengenezaji divai wa Ridge, kabla hawajaulizwa, na husifu mashamba ya kale ya Sonoma ambamo Zinfandel imepandwa pamoja na Carignane na Petite Sirah. Ukibanwa, jibu: “Uwiano.” Hakuna atakayethubutu kuuliza uwiano wa nini na nini. “Mizabibu mikongwe” nayo itaje bila hofu. Sheria haikuweka umri wa ukongwe.

Zinfandel ya waridi, ile tamu, icheke hadharani. Mwaka 1975, katika kiwanda cha divai cha Sutter Home, uchachukaji wake ulikwama sukari haijaisha. Mtengenezaji divai wao, Bob Trinchero, akaiweka kando, akaionja baadaye, akaiuza hivyo hivyo. Wamarekani wakainywa kama maji. Mahitaji hayo ndiyo yaliyowapa wakulima wengi sababu ya kutong’oa mizabibu ile ile ambayo waungwana huisujudia leo, lakini ukumbusho wa namna hiyo huharibu karamu. (Mimi huinywa ikiwa baridi sana, na pilipili ikiwa nyingi mezani. Msinitaje.)

Onyo la mwisho: usikubali kamwe chupa zifunikwe kabla ya kuonja. Bila lebo, mtu hubaki na ulimi wake tu, na ulimi hauna kambi. Ikibidi, mwache mwenyeji aonje kwanza, nawe zitazame nyusi zake.