Imo Ndani, kwa Mwezi Mmoja

"Ofisi imo ndani, mzee," kijana wa duka kule Makambako aliniambia huku akiipangusa vumbi kompyuta mpakato. Kweli imo, ile programu ya kuandikia ya Microsoft. Hakusema tu kwamba imo kwa mwezi mmoja, kama jembe lililouzwa na mpini wa kuazima.

Mwezi umekwisha. Mimi, katibu wa kikundi cha wakulima wa chai hapa Lupembe, nina muhtasari wa kikao ninaoweza kuusoma, kuuchapa, hata kuulilia, lakini kuongeza nukta siwezi. Vitufe vimefifia, na juu yake kuna tangazo linadai nilipie kwa kadi, kila mwaka. Nikamwambie nani? Mweka hazina wetu huyu, mama anayedai risiti ya kalamu?

Mpwa wangu wa Njombe ana dawa yake: "Lete anko, tunakreki dakika tano." Aikreki kwa flashi ipi? Ile iliyozunguka steshenari zote za mjini, na kila ilikolala ikaondoka na virusi? Mwingine ananishauri niandike mtandaoni, eti ni bure. Bando nalo ni bure?

Imebaki LibreOffice, programu ya kazi hiyo hiyo, isiyodai senti wala kuisha muda. Chimbuko lake ni OpenOffice, na hapo ndipo ninapochemka: Desemba 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Kilinux kilitoa OpenOffice ya Kiswahili, ikaitwa Jambo OpenOffice. Tangu 2004! Yule kijana alikuwa mdogo, namsamehe, lakini mwenye duka? Kisicho na faida hakitajwi dukani.

Nimeishusha Njombe kwa Wi-Fi ya nyumba ya wageni, mamia ya megabaiti, nikiagiza kikombe baada ya kikombe nisifukuzwe. Chai tunaichuma wenyewe, halafu tunauziwa kwa bei ya nyumba ya wageni!

Faili za zamani zinafunguka, na ukikumbuka kuhifadhi kwa docx, wenye ile ya kulipia nao wanazisoma. Jedwali la kilo za majani tu ndilo limesogea kidogo pembeni. Mwenyekiti, ambaye hajawahi kumaliza kusoma muhtasari wowote, aliliona papo hapo.

"Katibu, hii siyo ile ya kawaida."

Nikamweleza kwamba ile ya kawaida inataka dola. Akanyamaza, akasaini, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama naweza kumwekea na yeye, maana ya kwake imegoma tangu Pasaka.