Mbaazi Zimekosa Nini?

Sina ugomvi na watu wasiokula nyama. Hapa Upanga nimeishi nao ukuta kwa ukuta miaka nenda miaka rudi, na najua kwamba harufu inayoshuka saa sita mchana kutoka jiko la ghorofa ya juu yaweza kumfanya mtu mwenye biriani mezani ajione kaonewa. Ugomvi wangu ni na kile kitu kinachouzwa kwenye pakiti kwa jina la nyama ya soya, na binti yangu, ambaye tangu chuo kifungwe ametuamulia kuwa Jumatatu nyama hailiwi nyumba hii. Nimesema ametuamulia. Hakutuuliza.

"Baba, leo napika mchuzi wa nazi wa Kihindi. Hauna nyama, ila una protini ya mimea."

Nikamwambia vizuri sana mwanangu, chemsha mbaazi, tia tui, tukale. Akanitazama kwa upole, ule upole wa kumtazamia mgonjwa.

"Baba, hizo ni mbaazi. Mimi nazungumzia protini."

Basi nikaletewa pakiti niisome. Soya hukamuliwa mafuta kwanza. Unga unaobaki hupitishwa kwenye mashine yenye joto na mgandamizo mkubwa, ukitoka umefura, unakatwa vipande, unakaushwa. Haki yake nisimnyime: karibu nusu ya uzito wa vipande hivyo ni protini, na mbaazi kavu hazifiki hata robo. Lakini nani anavila vikavu? Lazima uviloweke kwenye maji ya moto vivimbe, uvikamue, uvisuuze, uvikamue tena, maana yale maji ya kwanza yananuka kama gunia lililonyeshewa. Na kazi ya kukamua nilipewa mimi. Mke wangu alisema inahitaji mikono ya kiume. Ajabu ni kwamba mikono hiyo hiyo, siku ya kuku, huambiwa itoke jikoni inaleta fujo.

Nikadhani nimemaliza. Kumbe kuna nazi. Maelezo aliyokuwa akiyafuata kwenye simu yalitaka tui la kopo, na kweli alikuwa keshaliweka kopo mezani, limeandikwa limetoka Thailand. Nikasema hapana, hapo sikubali. Tui lipande meli kutoka Thailand lije Dar es Salaam, na nazi za Mafia zimejaa sokoni Kisutu zinatutazama! Msimamo ulikuwa mzuri, isipokuwa mwenye msimamo ndiye aliyekalishwa kwenye mbuzi akune. Kuna, tia maji kidogo, kamua, chuja. Hilo ni kasimile, weka pembeni. Tia maji tena kwenye machicha, kamua. Hilo ni tui jepesi. Mtoto wa pwani haoni ajabu yoyote hapo, na Mhindi wa Kerala naye haoni ajabu, kwa sababu ndivyo wanavyofanya kwao: tui jepesi hupikia, zito huja mwisho moto ukiwa umepunguzwa, likishaingia tu unaepua.

Mwanzo alianza vizuri, nimsifu. Mafuta ya nazi yakapata moto, haradali ikaingia na kuanza kuruka, majani ya mchuzi yakafuata, nyumba nzima ikanukia. Vitunguu, tangawizi, pilipili mbichi, manjano, giligilani. Hata mimi nilisogea. Halafu akachukua kasimile yangu, ile niliyoikunia mgongo ukalia, akaimimina yote juu ya moto mkali, akafunika, akaenda kuongea na simu.

Tui likakatika. Mafuta juu, chenga chini.

"Baba, mafuta yakijitenga ndiyo viungo vimeiva. Wahindi wenyewe wanasema."

Wanasema, ndiyo, wakikaanga vitunguu na nyanya. Hakuna Mhindi aliyelisemea tui. Na hata hilo tui lililokatika sikulifaidi, kwa sababu vile vipande vya soya vililinywa lote. Tulipofunua sufuria mchuzi haukuwepo. Vilikuwepo vitonge vilivyoshiba, vimekaa kimya, na ukikiuma kimoja kinakurudishia nazi yako mdomoni ikiwa vuguvugu. Kukitafuna ni kugumu kuelezea. Kinavutika, kinalia kidogo kwenye jino, halafu hakiishi.

Mke wangu, ambaye ugomvi wa jikoni huumaliza kwa kugawa chakula, akajaza bakuli akampelekea mama wa juu. Huyo mama ni Mhindu wa asili ya Gujarati, amezaliwa hapa hapa mjini, Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha watangazaji wengi wa redio. Haikupita nusu saa akashuka mwenyewe na bakuli.

"Jirani, umeniletea nyama?"

"Ni soya, mama."

"Najua ni soya, nimeionja. Lakini imevaa nyama. Mimi tangu nizaliwe sijala nyama. Nimekosa nini hata nianze kutafuta sura yake?"

Nilitamani kumpa kiti akae nasi siku nzima. Binti yangu akajitetea kuwa huo ni mchuzi wa kwao. Mama akacheka. Kwao Gujarat, akasema, tui si chakula cha kila siku. Hata yeye mbaazi za nazi za kulia mandazi anazijua kwa sababu ni mtu wa pwani hii. Ukitaka mchuzi wa tui nenda kusini, nenda Kerala, na huko usishangae ukikuta wengi wanakula samaki na nyama vizuri tu.

Na hao hao wa Kerala, wakiamua kupika bila nyama, wanatia nini? Kipo chakula chao kinaitwa olan, hakikosekani kwenye jani la mgomba siku ya Onam, sikukuu yao ya mavuno. Ni maboga meupe, kunde, tui, pilipili mbichi na majani ya mchuzi. Kunde! Hakuna aliyezikata vipande akazipaka sura ya mnofu. Kuna na mchuzi mwingine wa dengu nyeusi na nazi iliyokaangwa, wanaulia asubuhi. Sijui sisi tumelogwa na nani hadi kunde za Dodoma zikawa chakula cha shida na soya ya pakiti ikawa elimu.

Mbaazi ndizo zinazoniuma zaidi. Ile dali ya njano ya mama wa juu ni mbaazi zilizokobolewa na kupasuliwa, basi. India inaongoza duniani kwa kuzilima na bado haziitoshi, inanunua kwetu, Msumbiji na Malawi. Mwaka 2017 ilipoweka kikomo cha tani 200,000 kwa mbaazi zinazoingia nchini mwake, bei huku ikaanguka, na wakulima wa Lindi, Mtwara na Manyara wakabaki wanatazamana na magunia. Siku hizo sikumsikia mtu hata mmoja akituhubiria protini ya mimea.

Bakuli la mama halikurudi tupu, ustaarabu anao. Lilikuwa na dali, juu yake bizari nyembamba na mvuje vilivyokaangwa, mvuje ule ule bibi zetu waliowafunga watoto mkononi kufukuza mashetani. Binti yangu akaonja kijiko, akaonja cha pili, akavuta bakuli upande wake.

"Baba, hii ni tamu. Ni nini?"

"Mbaazi."

Akatoa simu, akaanza kutafuta zina protini kiasi gani.

Mimi nikaenda kabatini kutafuta pilipili ya kuongezea, nikakuta pakiti nyingine ya nyama ya soya, haijafunguliwa. Nikauliza. Nikaambiwa supamaketi walikuwa na ofa, ukinunua moja unapewa ya pili bure, na isitoshe nisiwe na wasiwasi: nimeigeuza nyuma nikasoma, haiharibiki mpaka mwakani.